Bwana Vipimo na Maji ya Baridi

Mtu aliyenipa damu yake alikuwa na imani moja ambayo mimi, kwa kazi niliyosomea, nilijua si ya kweli. Alisema kwamba kuogelea kwenye maji ya baridi kila asubuhi kunajenga damu. Nilikaa na jambo hilo miaka mingi bila kumwambia: kwanza kwa heshima, baadaye kwa woga, na mwishoni kwa sababu alikuwa amezeeka na sikuona haja ya kumnyang'anya mzee kitu chake. Kisha mke wake akanipigia simu, na ikabidi niamue kama nitamwambia au nitamwacha azame. Nitafika huko. Kwanza nataka mumfahamu, maana ukimsikia kwa habari ya mto tu utadhani alikuwa mtu wa ajabu ajabu, na hakuwa hivyo.

Tulimwita Bwana Vipimo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara, na sidhani kama lilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa mtu wa maabara katika kituo cha afya huku Mbozi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mlowo kama hujabeba mzigo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, meza mbili na dirisha linalotazama kahawa. Mimi niliingia pale kama mhudumu, kufagia na kuosha vioo vya darubini, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kujaa Mlowo na magari yao na kila mtu akawa anazungumza bei mpaka kanisani.

Siku yangu ya kwanza nilivunja vioo vitatu. Nilisubiri anitolee uvivu, kwa sababu vioo vilikuwa adimu na tulikuwa tunavichemsha na kuvitumia tena na tena. Yeye aliinama, akaokota vipande, akaviangalia kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha kama vile bado vilikuwa na kitu cha kumwonyesha, kisha akaniuliza kama nimejikata. Nikasema hapana. Akasema, "Tuangalie kwanza," akanishika mkono na kunikagua vidole vyote kumi.

Neno hilo ndilo lililokuwa lake. Tuangalie kwanza. Wakibishana kuhusu mpira, kuhusu mbuzi wa nani kala mahindi ya nani, kuhusu mchumba wa binti wa mkunga kama ana akili timamu, yeye angesema tuangalie kwanza, halafu tubishane. Kuna mama mmoja aliletwa na ukoo mzima, mweupe midomo mpaka viganja, na walikuwa wameshakubaliana nani amemroga. Bwana Vipimo akaomba kinyesi chake kidogo kwenye ganda la kibiriti. Baada ya nusu saa akamwita babu wa ukoo aje aweke jicho kwenye darubini. Babu akaangalia muda mrefu, akauliza vile vitu vya duara ni nini. Akajibiwa ni mayai ya safura, minyoo inayonyonya damu tumboni. Babu akauliza kwa sauti ya chini kama basi huyo ndiye mchawi. Bwana Vipimo akasema ndiye, na ana watoto wengi kuliko yeye. Ukoo mzima ukala dawa siku ile ile, na yule jirani aliyekuwa anashukiwa naye akaja kunywa.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema lile suala la mto lilinisumbua. Mtu huyu hakuamini kitu mpaka akione. Hata mvua hakuiamini mpaka imlowanishe. Lakini kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi, alishuka njia ya nyuma ya kituo mpaka mahali mto unapopinda na kufanya bwawa, akavua nguo akabaki na kaptula ya kijani, akaingia. Wanaoijua Mbozi ya mwezi wa sita na wa saba wanajua ninachosema. Wakati huo unamwamkia mtu na moshi unakutoka mdomoni, na maji ya mto ukiyagusa kwa kidole unakirudisha haraka. Yeye alizunguka bwawa lile mara saba, kichwa juu, bila haraka. Kuogelea alijifunzia upande wa Kamsamba, kwenye joto, ambako alituambia maji ni ya uvuguvugu na kabla hujaingia unamtafuta mamba kwanza. Wenyeji wa huku juu hatuogelei. Tulikuwa tunasimama ukingoni na ndoo zetu kumwangalia tu.

Akitoka alikuwa anatetemeka meno yakigongana, na alikwenda moja kwa moja nyuma ya kichaka kukojoa. Hata hilo alilifanyia somo. Alituambia kila anayetoka kwenye maji ya baridi lazima akojoe, ni mwili unatupa maji. Baridi inafunga mishipa ya kwenye ngozi, damu yote inakimbilia ndani, moyo unaisukuma kwa nguvu, na mtu akifanya hivyo kila siku damu yake inakuwa nzito na imara. Aliyasema haya kwa wagonjwa, kwa wanakwaya, kwa mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuja na gari kupima sukari. Mnunuzi yule alijaribu siku mbili. Siku ya tatu akatuma salamu kwamba damu yake nyepesi inamtosha.

Na ushahidi alikuwa nao. Kwenye rafu ya dirishani palikuwa na chupa ya maji ya bluu, bluu ya kupendeza kabisa, ambayo mkulima yeyote wa kahawa aliijua mara moja kwa sababu ni mrututu, ule ule wa kupulizia mikahawa, ila yeye aliusafisha na kuupima kwa mizani yake midogo kwa uangalifu mkubwa. Ndicho kilikuwa kipimo chetu cha watu wanaotaka kutoa damu. Unamchoma mtu kidole, unadondosha tone moja kwenye ile bluu. Tone likizama, damu yake inatosha, anaruhusiwa kutoa. Tone likielea, haitoshi, anarudi nyumbani akale mboga za majani. Kila asubuhi akitoka mtoni, kabla ya chai, Bwana Vipimo alijichoma kidole mbele yetu na kudondosha. Tone lake lilizama kila siku, na yeye alituangalia mmoja mmoja.

Sasa niseme kitu kimoja ambacho kilituvunja mbavu sote pale kituoni: mtu huyu alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alivaa sweta mbili, na juu yake koti jeusi la mtumba lililomfika magotini. Kofia yake ya sufu aliivua kanisani tu, na hata pale aliivua kwa shingo upande. Chai aliinywa ikiwa inachemka. Dirisha la maabara lilifunguliwa kwa mabishano. Mkunga wetu, mama mnene mwenye maneno, alikuwa anasema Bwana Vipimo anakwenda kuisalimia baridi alfajiri halafu anashinda akiikimbia.  Yeye alivuta tu kiti chake karibu na jiko la mkaa.

Ubahili pia alikuwa nao, si wa kuficha. Sukari ya chai ya maabara aliifungia kabatini pamoja na dawa za kupakia rangi vimelea. Pamba alizigawa nusu. Kalamu ukiazima kwake, alikaa mbele yako mpaka umalize kuandika. Lakini damu yake mwenyewe aliigawa ovyo. Alikuwa kundi O, la kumfaa yeyote, na miaka ile hatukuwa na akiba ya damu. Mgonjwa akihitaji, ndugu zake ndio walioombwa, na hapo ndipo ulipoona maajabu. Habari za mumiani zilikuwa nyingi, halafu ukimwi nao ukawa umeingia kwa kasi kupitia barabara kuu na mpaka wa Tunduma, na watu waliogopa kupimwa kuliko walivyoogopa kufiwa. Baraza la wodi linaweza kuwa na ndugu ishirini wamekaa na vyakula vyao, ukitaja damu, mmoja anakumbuka ng'ombe, mwingine anakumbuka mtoto shuleni, na baada ya robo saa unabaki na shangazi mmoja na ndoo.

Basi yeye alijilaza kwenye benchi na kukunja mkono wa shati. Sijui ni mara ngapi. Ilikuwa imejengeka desturi kule kwetu, na sijaiona mahali pengine, kwamba mwanamke aliyepona kwa damu ya Bwana Vipimo huhesabiwa kuwa ndugu yake. Harusi ya mtoto ikifika, anakaa upande wa wajomba. Nimemwona kwenye harusi moja pale Mlowo, amevaa koti lake kwenye jua la saa nane, amekaa mstari wa mbele na watu ambao hakuzaliwa nao, na mshereheshaji akitangaza "wajomba wasimame" akasimama wa kwanza.

Kuna jambo moja zaidi la mto ambalo nililichukulia vibaya wakati ule. Msichana mmoja wa jirani, mwenye selimundu, alisikia yale mafundisho ya damu kuwa imara, na asubuhi moja akashuka bwawani na kitenge chake. Bwana Vipimo alikuwa majini. Alipomwona alitoka kwa mbio ambazo sijaziona tena, akamfunika koti lake, akamrudisha mpaka mlangoni kwa mama yake akifoka njia nzima. Alimwambia damu ya aina yake inahitaji sweta, na kwamba baridi ingemlaza kwa maumivu au kumuua, na asikanyage tena pale. Nikajiuliza inakuwaje baridi ijenge damu za wote isipokuwa ya huyu. Nilidhani ni mambo ya kitaalamu yaliyonizidi. Jioni yake nilimkuta amekaa maabara peke yake, ameinamia meza.

Mwaka wa tatu wa kazi niliolewa, na wa nne nikajifungua pale pale kituoni. Mume wangu alikuwa Tunduma kufuata bidhaa kwa Wazambia. Mtoto alitoka salama, msichana, ndiye Neema. Mimi ndiye niliyebaki navuja. Mkunga alifanya kila alichojua, na alijua mengi, lakini damu ilikuwa inaondoka. Mimi pia ni kundi O, na wa O hapokei ila ya O mwenzake. Shemeji zangu watatu walikuwa barazani. Wawili waliondoka hata kabla swali halijaisha, na wa tatu alipimwa akakutwa ni kundi jingine.

Nilichosimuliwa baadaye ni hiki. Mkunga alimkimbilia Bwana Vipimo, na yeye hakuwa na hata miezi miwili tangu atoe chupa ya mwisho ya damu. Aliingia maabara, akafunga mlango, akakaa kidogo. Halafu akatoka, akapita mbele ya wote, akashuka njia ya mtoni. Alasiri ile, mwezi wa saba, upepo unavuma. Mkunga alisimama kwenye ngazi akapiga kelele ambayo watu wa kule wanaikumbuka mpaka leo, kwamba mtoto wa watu anakufa humu na wewe unakwenda kuoga. Hakugeuka nyuma.

Alirudi nguo zimemshika mwilini. Alimwita tabibu wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akitia sahihi ruhusa na hakuwa na mzaha na sheria, wakasimama wote dirishani mbele ya ile chupa ya bluu. Tone likazama. Tabibu akatia sahihi. Mimi nakumbuka vitu viwili tu: maji yakidondoka kutoka kwenye nywele zake kwenda kwenye sakafu ya sementi, na sauti yake ikikatika kwa kutetemeka.

"Tulia, binti," alisema. "Inakuja."

Nilipopona watu walilisimulia jambo hilo kama kichekesho, kwamba Bwana Vipimo alikwenda kwanza kuinoa damu yake. Na mimi nilicheka nao. Nilimpenda mno kiasi cha kumkubalia na ushirikina wake mmoja.

Yeye ndiye aliyenisukuma kwenda chuo. Aliandika barua ya maombi kwa mkono wake, maana mwandiko wangu alisema unafanana na njia ya siafu. Ni huko chuoni, darasani, mchana, mwalimu alipotufundisha kasoro za kipimo cha mrututu. Akasema chupa ile haihesabu damu nyekundu, inapima uzito wa tone tu. Mtu aliyepoteza maji mwilini, kwa kuhara au kwa sababu nyingine yoyote, damu yake inakuwa imebanana, na tone lake linaweza kuzama hata kama damu yenyewe ni haba. Nikamwona Bwana Vipimo anatoka mtoni anakwenda nyuma ya kichaka. Nilicheka kwa sauti, darasa zima likanigeukia. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu nilikumbuka kwamba kila siku alijipima asubuhi, akitoka majini, kabla hajanywa kitu. Miaka yote ile maji yalikuwa yanapungua, naye anadhani damu imeongezeka. Mtu wa tuangalie kwanza alikuwa ameangalia kwa wakati usiofaa.

Ningemwambia nini? Nilirudi na cheti changu, nikapata kazi Tunduma, na kila Krismasi nilikwenda kumsalimia. Alistaafu, akahamia nyumba yake juu kidogo ya mto, na ile chupa ya bluu akaiweka kwenye dirisha la sebuleni karibu na kalenda. Vituo vilikuwa vimepata vimashine vidogo vya kupima damu. Alividharau. Alisema vinakupa namba tu, havikuonyeshi kitu. Mwaka mmoja alinichukua mpaka bwawani kunithibitishia kwamba bado anazunguka mara saba. Alizunguka tano. Nikamwambia nimehesabu saba.

Simu ya mke wake ilikuja siku ya kazi, nikiwa na foleni ya madereva mlangoni. Tulimwita Mama Vipimo, mwanamke mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Aliniambia wanawake waliokwenda kuchota maji wamemkuta mzee amekaa kwenye jiwe, miguu bado majini, hawezi kuinuka. Walimbeba. Midomo imekuwa myeupe, akipanda ngazi mbili anashika ukuta. Hospitali hataki, anasema damu yake haina tatizo, tone linazama kila asubuhi, na kesho anarudi mtoni. "Atakufa kwenye yale maji," akasema Mama Vipimo. "Mwambie wewe. Kwetu hasikii."

Nilipanda basi mpaka Mlowo, kisha pikipiki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta barazani kwenye jua, sweta mbili, koti, kofia. Alikuwa amepungua sana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ile ile, akauliza habari ya Neema, habari ya mume wangu, habari ya mpaka. Kisha akauangalia mkoba wangu.

"Umekuja kunipima, Mama Neema."

Nikasema ndiyo.

"Njoo kesho asubuhi basi, nikitoka mtoni."

Nikapiga moyo konde. "Hapana, Mzee. Tunapima sasa hivi, ukiwa mkavu."

Mama Vipimo alikuwa ameshika sinia la vikombe mlangoni, akasimama pale pale. Nami nikayasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayeungama: ngozi inavyofunga, mwili unavyotupa maji, damu inavyobanana na tone kuzama bila damu kuongezeka hata chembe. Nilimwambia anakwenda mtoni kuificha chupa hali yake. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nalia, na sikuwa nimepanga kulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nilijifunza wapi hayo. Nikasema chuoni.

"Na umekaa nayo muda wote huo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi Mama Vipimo aweke sinia chini amshike mgongo. Alipotulia alimwambia alete ile chupa ya dirishani. Akaninyooshea mkono. Kidole chake kilikuwa kigumu kwa alama za kuchomwa miaka na miaka. Nilikichoma, nikadondosha. Tone lilikwenda chini kidogo, likasimama, kisha likaanza kupanda polepole mpaka juu, likakaa pale. Rangi yake ilikuwa hafifu. Tuliliangalia sote watatu.

"Siku yako pia lilielea," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia niketi. Kabla hajaja kituo chetu, alisema, alikuwa mahali pengine, na kulikuwa na mama anavuja na hakuna mtu wa kutoa. Tone lake likaelea, akakataliwa, mama akafa. Miezi kadhaa baadaye alivuka mto uliojaa, akafika kazini amelowa anatetemeka, akajipima kwa mazoea tu. Likazama. Alishangaa, akajaribu tena, akaelewa. Siku ile ya kwangu alipojifungia maabara alijipima kwanza, akaona tone limeelea, na alijua tabibu hatatia sahihi. Ndipo akashuka mtoni.

"Mwanzoni nilikwenda siku za kutoa tu," alisema. "Watu wakaanza kuuliza kwa nini naoga siku hizo. Ikabidi niende kila siku."

"Na yale ya kujenga damu?"

"Ningewaambia nini? Kwamba naidanganya chupa?" Alijifunika koti vizuri. "Halafu yule msichana wa selimundu akaja na kitenge chake. Siku ile nilitaka kuacha. Wiki ile ile akaletwa mwingine wa kujifungua."

Miaka yote ile. Mtu aliyevuta kiti karibu na jiko, aliyefunga dirisha, aliyekunywa chai ikichemka, aliingia kwenye maji yale kila alfajiri akiyachukia, ili siku tabibu akisimama dirishani pasiwe na mtu wa kushangaa. Na mimi nilikuwa nimemcheka darasani. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Nilimuuliza sasa je, hakuna wa kumpa damu tena, anakwenda mtoni kufanya nini. Aliangalia chini kwenye mikahawa. Akasema asubuhi tone likizama anasahau kidogo kwamba amezeeka, basi. Kisha akaniambia anaomba radhi kwa chupa ile ya damu aliyonipa, kwa sababu ilikuwa nyepesi. Wengine walipewa chai ya maziwa, mimi alinipa ya rangi.

Nilimwambia nililea watoto wanne kwa hiyo ya rangi. Nilimwambia pia kesho tunakwenda hospitali wote wawili, kwamba atahitaji kuongezewa, na mimi ni kundi O. Mama Vipimo akasema twende hata leo.  Mzee alichukua ile sindano kutoka mkononi mwangu, akaifuta, akatafuta mpya kwenye mkoba wangu bila kuomba ruhusa.

"Tuangalie kwanza," akasema.

Alinichoma mahali pale pale panapotakiwa, pembeni ya ncha, pasipouma. Akaishika chupa kwenye mwanga. Tone langu liliingia kwenye bluu na kwenda chini moja kwa moja, bila kusimama, likafika kwenye kitako cha chupa. Alilifuata kwa macho mpaka mwisho. Akaweka kizibo, akamkabidhi mke wake chupa, na kwa mara ya kwanza siku ile akavua kofia yake.

"Na hiyo," akasema, "haijaoga."